Wimbo wa Saba, Ndani ya Eda

Albamu ninayoipenda kuliko zote nilizozisikia miaka hii ya karibuni niliisikiliza nikitembea. Sikuwa natembea njiani. Nilikuwa natembea ukumbini kwa mama, Mji Mkongwe, ghorofa ya pili, kutoka dirishani mpaka kwenye kabati la vyombo, na kutoka kabatini mpaka dirishani, kwa sababu nilikuwa nakaa eda na mwanamke anayekaa eda hana pa kwenda. Mlango haukufungwa. Lakini ningejitia kushuka ngazi ningeulizwa "Wapi tena?" na mama huko juu, na jirani wa chini, na mwenye duka la pembeni, mzee wa Kihindi aliyeniuzia peremende tangu nina meno ya utoto. Basi nikatembea humohumo ndani. Mama alinambia nitavimaliza vigae.

Mwimbaji mwenyewe ni mwanamke wa mbali, wa nchi za baridi, rika langu. Muziki wake ni roki, ila si ile roki ya kupiga makelele na kurusha nywele. Ni roki ya chumbani. Ngoma inagonga kama mtu anayebisha hodi na hana hakika kama wenyewe wapo. Gitaa limeachwa likwaruze. Juu yake yeye anasema mambo yake, na nasema "anasema" kwa sababu kuimba kwenyewe anaimba kidogo tu. Anasema alichomjibu mama yake siku ya msiba. Anasema vidonge anavyomeza ili apate usingizi. Anasema siku aliyojifungia chooni kazini akalia, kisha akanawa uso akatoka kuwahudumia wateja. Wallahi niliposikia hilo nilisimama katikati ya ukumbi. Mimi nafanya kazi mapokezi, katika hoteli moja ya Uroa, na choo hicho nakijua mpaka rangi ya mlango wake.

Sisi tumelelewa kwa funika kombe mwanaharamu apite. Hata ukigombana na mtu humwambii kitu. Unavaa kanga yenye maneno yako, unapita mbele ya mlango wake, akasome mwenyewe. Na huyu mtoto wa watu anafunua kombe lake mbele ya dunia nzima, hana stara hata chembe! Kwanza nilimwonea haya. Kisha nikamwonea wivu. Kisha ikawa siwezi hata kupiga pasi bila ya kumsikia.

Aliyenipa nyimbo hizo ni mpiga gitaa wa hotelini kwetu, mtu wa bara, siku niliyokwenda kuomba likizo macho yamenivimba. Hakuniuliza kitu. Alinirushia linki kwenye simu, nyimbo kumi na moja, akasema, "Dada, hizi ni za kusikiliza peke yako." Laiti ningemtii.

Ni lazima nieleze nilivyofika eda, maana bila ya hilo mtu hatafahamu kwa nini wimbo mmoja ulitaka kuniponza.

Mume wangu hakuwa mtu mbaya. Najua wanawake wenzangu hawapendi nikisema hivyo, lakini ndivyo. Hakunipiga, hakuninyima chakula wala mavazi. Ila hasira zake zilikuwa karibu, na zikimfika kooni alikuwa anatema talaka. Ya kwanza alinipa kwa ajili ya funguo za gari zilizopotea, na zilikuwa mfukoni mwake. Nikaja kwa mama. Kabla sijakizoea upya kitanda changu cha usichana, nipo kazini, likizo nimenyimwa, paspoti za wageni mkononi, simu ikaingia mesej: "Nshakurejea. Rudi nyumbani." Basi! Hakuna samahani, hakuna hujambo. Wala sheria haikumlazimisha aniulize. Talaka ya kwanza na ya pili mume anaweza kumrejea mkewe muda wote wa eda, kwa neno lake tu, mke ataka asitaka. Nikamaliza kuwaandikisha wageni, nikawapa ufunguo, nikawatakia mapumziko mema, nikarudi Mpendae kwa mume wangu.

Hii sasa ilikuwa ya pili. Kisa, nilicheka kwa sauti kwenye simu na dada yangu, na mume wangu yumo kuangalia mpira. Timu yake ilikuwa inafungwa. Nami safari hii, niliposhuka zile ngazi za Mpendae na begi langu, nilijua sitaki kurudi. Nilijua kwa mwili wote. Lakini kujua kwangu kulikuwa hakuna thamani yoyote, kwa sababu neno lilikuwa kwake. Akilitamka popote alipo, hata akiwa anaosha gari, mimi ni mkewe. Eda ikimalizika kabla hajalitamka, nimetoka. Akinitaka itabidi aje kuniposa upya, kwa mahari mapya, na hapo nitaulizwa, na nitasema hapana. Hicho ndicho kilichokuwa kinanitembeza. Kila simu ikilia roho inaniruka, na simu ya siku hizi hailii mara moja, inalia kwa bando, inalia kwa kikundi cha harusi, inalia kwa mtu aliyekosea namba. Nilikuwa nimekonda kwa simu.

Nyimbo zile zilinituliza na kunichafua kwa wakati mmoja. Ule wa kwanza anaeleza anavyohama nyumba na hajui achukue sufuria ipi. Wa tatu ni mfupi, gitaa tupu, anamsema dada yake aliyeolewa vizuri. Wa tisa siupendi mpaka leo: anasema akiitwa tena atarudi, hata usiku, hata pekupeku. Ukifika huo nilikuwa nauzima kwa hasira. "Mjinga mkubwa wee!" namwambia, mtu yuko upande wa pili wa dunia. "Umefunua yote hayo ili urudi?" Halafu baada ya kuzunguka ukumbi nauwasha tena, kwa sababu nilikuwa naogopa kwamba anasema kweli, na kwamba na mimi nikiitwa nitakwenda tu, kama nilivyokwenda ile mara ya kwanza.

Lakini wangu mimi ulikuwa wa saba. Hauna kiitikio, hauna hata mahali pa kuupigia makofi. Anaeleza mume wake amesafiri kikazi. Yeye yuko jikoni, anakula mkate kwa kusimama, anaangalia nje. Anasikia matairi ya gari kwenye kokoto: mume karudi mapema. Na anayaona mabega yake mwenyewe yanapanda. Ndiyo hivyo tu. Anasema hamchukii, wala hajafanywa kitu. Ila mabega yake yamepanda yenyewe, na hajui yalianza lini. Anapofika hapo sauti inamkatika na gitaa linaendelea peke yake.

Nilipousikia mara ya kwanza niliyashika mabega yangu. Yalikuwa chini. Miaka yote Mpendae nilijidhania nina ugonjwa wa shingo. Nimekwenda hospitali, nimekandwa na mafuta ya habbat soda, nimenunua mto wa bei mbaya. Kumbe!

Sasa ikawaje mama akausikia? Hedifoni zangu zisizo na waya ziliungua sikio la kushoto, halafu na la kulia likafuata. Nikawa napiga kwa spika ya simu. Na nyumba ya mama, kwa unene wa kuta zake za mawe, mtandao unashika mahali pamoja tu: kizingiti cha dirisha la ukumbini, lile linalotazama kichochoro. Nikawa naiweka simu pale, dirisha wazi, nausikiliza wimbo wa saba, ukisha naurudia. Chini wanapita watembeza wageni wakieleza historia ya mlango wa jirani, kila mmoja na historia yake. Ng'ambo ya kichochoro, milango miwili mbele, anakaa shangazi yake mume wangu. Sikulifikiria hilo hata kidogo. Mimi nilikuwa nafikiria mtandao.

Mama alilifikiria.

Yapasa mjue mama yangu ni mtu wa taarabu. Ujana wake ameumalizia kwenye vilabu vya taarabu, na mpaka leo ukimtajia ubeti anakwambia uliimbwa kumpiga kijembe nani. Kwake wimbo una mwenyewe. Mtunzi anatunga, mwimbaji anaimba, lakini wimbo ni wa yule anayeinuka kwenda kutunza. Ukikaa kitini kwako ukausikia ubeti unaosema la moyoni mwako, unainuka, unakwenda taratibu na pesa yako mkononi mpaka mbele ya mwimbaji, unampa, na huku jicho unalitupa kwa yule unayemkusudia. Yule anajua. Ukumbi mzima unajua. Hakuna aliyesema neno, na yote yameshasemwa. Mama kwa njia hiyo alishawahi kuvunja urafiki wa miaka na kuunga mwengine siku moja.

Akanijia siku moja na sinia lake la mchele wa kuchagua, akakaa karibu na dirisha.

"Huyu anamwimbia nani?"

"Hamwimbii mtu, mama. Anaeleza maisha yake."

"Anamweleza nani?"

"Anatueleza sisi. Wanaomsikiliza."

"Sisi katujulia wapi?" Akatoa jiwe kwenye mchele akalitupa nje ya dirisha. "Ebo! Mtu asimame mbele za watu aseme ya chumbani mwake, na asiwe na mtu anayemkusudia? Basi huyo mgonjwa, aombewe."

"Si mgonjwa, mama. Anasema kweli tu."

"Na hapo anapolia, analilia nini?"

Hapo ndipo ningemweleza. Lakini ningemwelezaje mama yangu habari za mabega? Nikasema, "Mumewe, mama."

"Hee," akasema. Akaniangalia mimi, akaiangalia simu pale kizingitini, akaliangalia dirisha lilivyo wazi. "Na unavyourudiarudia!" Akainuka na sinia lake, mpole mno, na mimi nikashukuru kwamba ameniachia raha yangu.

Sikujua siku hiyohiyo alivaa buibui lake akavuka kichochoro. Haya niliyajua baadaye. Alikwenda kumwambia shangazi wa mume: mtoto wa kike hawezi kusema, lakini hausemi wenyewe wimbo anaoupiga mchana kutwa kuelekea dirisha la watu? Anamlilia mumewe. Ana haya zake, maskini, kautafuta wa Kizungu ili asijulikane, lakini mimi mama yake nimemfahamu. Na shangazi akasema hata na yeye alikuwa akiusikia, akawa anajiuliza, sasa ndiyo kaelewa. Wakafurahi wote wawili. Watu wazima wawili, wenye akili zao, wamekaa wakaufasiri wimbo ambao hawajui hata neno lake moja, na kila walilolisema lilikuwa na mantiki kamili ya mji wetu.

Simlaumu kwa kunitaka nirudi. Baba yangu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na mama alikuwa akiogopa kufa akaniacha peke yangu. Kila siku alikuwa na usemi wake. "Zimwi likujualo halikuli likakwisha."

"Halikuli likakwisha, mama, lakini linakula."

"Ulimi huo ndio uliokutoa kwa watu."

Siku zile alikuwa na furaha ambayo sikuielewa. Anapika mikate ya kumimina, anafukiza udi ukumbini. Jikoni alitundika kalenda ya dukani, na nilimuona akiihesabu kwa kidole, miezi, kwa utulivu wa mtu mwenye muda. Mjini watu wengi wanahesabu hivyo: eda ya talaka ni miezi mitatu. Lakini sisi tuliosomeshwa chuo cha Kurani tukakaririshwa tunajua kwamba miezi ni ya asiyepata hedhi. Anayepata anahesabu twahara zake, vipindi vya usafi baina ya damu, tatu. Akiachwa akiwa safi, twahara ile inahesabiwa ya kwanza, na ikiingia damu ya tatu eda imekwisha. Inaweza kuwa mapema sana kuliko kalenda ya dukani. Na hesabu hiyo hana mtu isipokuwa mwanamke mwenyewe, kauli yake ndiyo inayosikilizwa. Nilikuwa nikiihesabu kimya kimya. Nilikuwa nikiomba mwili wangu uharakishe, kitu ambacho sijawahi kukiomba maishani.

Ikaja alfajiri moja, kabla ya adhana. Nimeamka na maumivu ya kiuno, nikaenda chooni, nikaona. Nilikaa ukingoni mwa birika la maji nikacheka, kisha nikalia, kisha nikacheka tena. Nimetoka! Hakuna aliyenitoa, hakuna aliyenitumia mesej, mwili wangu umenitoa wenyewe wakati mji umelala. Na ndani ya furaha ile ikanijia huzuni ambayo sikuitarajia, nikamkumbuka anavyomenya machungwa, ganda zima bila ya kulikata, ananipa mimi kwanza. Nikalia na kwa hilo pia. Nikarudi kitandani.

Mama akapita kunigongea mlango kama kawaida yake.

"Amka usali."

"Sisali leo."

Nje ya mlango akasita. Nikangoja aulize. Akaburura ndara zake akaenda zake. Mimi na mama mambo hayo hatuyasemi, tangu nilipovunja ungo na somo akaitwa kunifunda, mama hajawahi kuyataja. Nikasema nitamwambia tu, baada ya chakula, nikipata maneno. Sikuyapata. Mchana mzima nilimfuata jikoni na kutoka, nafungua mdomo naufumba, mpaka akanambia nimwondokee anapika.

Baada ya sala ya alasiri, hodi. Mbele ami yake mume wangu, mzee mwenye elimu yake, kanzu imenyooshwa. Nyuma yake shangazi. Nyuma ya shangazi, mume wangu, kanyoa, kanukia. Mama akatokea jikoni ameshavaa gauni lake la kutokea, birika la chai tayari, vitumbua tayari, na hapo ndipo nilipojua kwamba yeye ndiye aliyewaita.

"Shikamoo ami."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Nikakaa. Mabega yangu yalikuwa masikioni.

Ami akaanza kwa sala na salamu, akasema ndoa ni maelewano, akasema mara ile ya kwanza kijana alikosea adabu, mke harejewi kwa simu kama mtu anayeagiza mkaa. Safari hii amemzuia asitamke kitu mpaka waje wote, atamke mbele ya wazee, kwa heshima, kisha mke achukue begi lake waende nyumbani. "Hujamtamkia?" akamuuliza.

"Bado, ami. Nilitaka mbele yako."

Akanigeukia mimi. Alikuwa na haya, na haya zilimpendeza. Naliandika hilo kwa sababu ni kweli. "Shangazi kanambia," akasema. "Kanambia ule wimbo unaoupiga pale dirishani. Kwamba ni kwa ajili yangu."

Nikamwangalia mama. Mama akawa anamimina chai.

"Mie mwenyewe nimeusikia," akasema shangazi. "Kila siku. Mtoto analia mule ndani mpaka mtu unaona huruma."

Jamani! Nilitaka kucheka, nikataka kuvunja kikombe. Wiki zote zile nilikuwa nikijificha ndani ya nyimbo za mtu asiyejificha, na huku kichochoro kizima kinausikiliza moyo wangu kichwa chini miguu juu.

Mume wangu akasema, "Unasema nini, huo wimbo?"

Katika miaka yetu yote hilo lilikuwa swali lake la kwanza kwangu ambalo halikuhusu kitu kilichowekwa wapi. Nikamjibu. Nilitafuta fumbo la kulifungia, lugha yetu ina mafumbo ya kila kitu, lakini wimbo wenyewe hauna fumbo, nikautoa kama ulivyo.

"Unasema mwanamke yuko jikoni, mumewe kasafiri. Anasikia gari ya mumewe inarudi. Anaona mabega yake yanapanda. Hamchukii mumewe. Lakini akisikia anarudi, mwili wake unajikunja. Basi, ndiyo wimbo wote."

"Mabega," akasema mume wangu.

"Mabega."

Akayaangalia. Sijui aliona nini. Akasema taratibu, "Mimi nilidhani ni ule mto."

Ilinichoma hiyo. Laiti angeniuliza mapema, pengine hata hayo mabega yangeshuka. Lakini ami alikuwa ameshaanza kukohoa kile kikohozi cha wazee cha kufunga mlango. "Maneno ya nyimbo tuyaache na wenyewe waimbaji," akasema. "Mwanangu, tamka tumalize, magharibi isitukute njiani."

Mume wangu akajiweka sawa kitini. Nikamuona anavuta pumzi. Na mimi nikajua kwamba nikinyamaza hapo, wote watadhani bado nimo, na mimi nitachukua begi, na nitashuka, na nitapanda gari. Kunyamaza kulikuwa kwepesi kweli. Hakuna wimbo hata mmoja katika zile kumi na moja ulionijia kunisaidia. Niliona tu mikono yangu mapajani.

"Eda yangu imekwisha," nikasema. "Leo alfajiri nimeona damu ya tatu."

Subhanallah, mngeuona ukumbi ule! Mume wangu aliangalia chini. Ami aliyafumba macho. Neno hilo, damu, mbele ya wanaume, kwenye vitumbua. Masikio yaliniwaka moto, lakini lilikuwa limeshatoka na lisingerudi.

Ami akauliza, macho bado kayafumba, kwa sababu ilimpasa kuuliza, "Siku aliyokutamkia, ulikuwa twahara?"

"Nilikuwa twahara."

"Uongo!" akasema shangazi. "Hata mwezi wa tatu haujaingia! Anataka kukimbia huyu, kaona tumekuja ndiyo kaleta hayo. Miezi tunaijua sote. Mama mtu si yupo? Yeye si ndiye anayekaa naye? Haya, Bi, sema wewe. Wewe ndiye uliyenijia mlangoni."

Wote wakamgeukia mama. Na mimi nikamgeukia, na nikaogopa kuliko nilivyoogopa siku zote zile za simu. Ami alikuwa ameshika shavu. Nilijua kauli ya sheria ni yangu, lakini katika ukumbi ule, mbele ya watu wale, akisema "sijui" tu, ingetosha: ningekuwa mwanamke aliyesema uongo juu ya mwili wake ili kumkimbia mumewe, na pengine wangenichukua hivyohivyo, na mimi pengine ningekwenda. Mama aliliweka birika chini. Aliifuta mikono yake kwa kanga, kidole kimoja kimoja. Huyu ni mwanamke ambaye hajawahi kumwambia mtu jambo uso kwa uso maisha yake yote.

"Leo hajasali," akasema mama. "Alfajiri nimemgongea, hajasali. Adhuhuri hajasali. Na hii alasiri mliyosali nyinyi hapo chini, hajasali. Mwezi uliopita hivyohivyo, na ule wa kwanza. Mimi nnakaa naye, nnajua. Nilijua tangu asubuhi nikanyamaza, nilitaka arudi." Akaitengeneza kanga yake. "Mwanangu ameshatoka."

Shangazi akafungua mdomo, ami akamwinulia mkono. Mume wangu aliendelea kuangalia chini, na nadhani alikuwa analia, ila sikutaka kuhakikisha.

Mama akanigeukia mimi. Kwa miaka yote ya ndoa yangu, kila mume wangu alipoingia mlango ule, mama alikuwa akisema "mwenyewe kaja".

"Hebu inuka," akanambia. "Watilie wageni chai."